Mji wa Kale hautafufuliwa na jumba la vioo

Yamekuwa mazoea sasa hapa Mombasa. Watu wawili watatu wakikaa mbele ya kahawa chungu, mazungumzo huanzia kwenye mpira, yakapitia kwenye bei ya unga, yakaishia kwenye kufa kwa mji. Utaambiwa kwamba kisiwa kimelala. Kwamba mwenye fedha mfukoni huvuka daraja la Nyali akanunue huko. Kwamba ukipita Ndia Kuu baada ya laasiri utahesabu milango iliyofungwa mpaka uchoke. Na baada ya kulalamika, hapakosi bwana mmoja wa kutoa dawa. Dawa yenyewe ni ile ile siku zote: bomoeni vibanda na maduka makuukuu, mumwite tajiri mwenye mtaji ajenge jumba kubwa la maduka, lenye vioo na ngazi za umeme na baridi ya mashine, na wateja watarudi mbio.

Mimi dawa hii siitaki, na nasema hivyo mapema ili msomaji asije akadhani namzungusha. Wala sina chuki na kitu kipya. Hata Marikiti yetu, ambayo leo twaiita ya kale, ilikuwa jengo jipya ilipofunguliwa mwaka wa 1914, na hapana shaka wako wazee wa siku hizo walioinung'unikia. Ninalolipinga ni kule kudhani kwamba mji ni mgonjwa wa majengo, na kwamba ukibadilisha jengo umemponya mgonjwa.

Kwanza tuulize mji umekufaje, ikiwa kweli umekufa.

Mombasa haikuanza kwa maduka. Ilianza kwa bandari, na maduka yakaja nyuma ya bandari kama mkia unavyomfuata mnyama. Majahazi yalishuka na pepo za kaskazi kutoka Uarabuni, Ghuba na Bara Hindi, yakileta tende, papa mkavu, mazulia, makasha ya misumari ya shaba, udi na marashi. Kusi likivuma yakarudi na boriti za mikoko, pembe na nafaka. Baina ya pepo hizo mbili nahodha na mabaharia wake walikaa mjini, wakala, wakanunua, wakakopa, na wengine wakaoa kabisa. Ndipo nyumba za Mji wa Kale zikawa na umbo lile tulijualo: duka chini, watu juu. Mwenye duka alishuka ngazi akafungua mlango, akasikia adhana akafunga, akapanda kula. Hakuhitaji mahali pa kuegesha chochote ila viatu vyake.

Reli ilipoanza kujengwa mwaka wa 1896 kuelekea bara, na meli kubwa zikaja kuwekewa gati zake Kilindini, Forodhani ya zamani ilianza kupungukiwa. Lakini mji haukufa. Ulijisogeza hatua kidogo. Marikiti ikawa soko la viungo, mboga na matunda. Mtaa wa Biashara ukawa wa khanga na vikoi, na mpaka leo wako pale Kaderdina, wenye khanga za Mali ya Abdulla, ambao hesabu ya duka lao yaanzia mwaka wa 1887. Mwembe Tayari ikapokea wasafiri. Kila tawi lililokatwa, jingine lilichipuka karibu yake, kwa sababu watu wenyewe walikuwa bado wapo kisiwani.

Kilichobadilika baadaye ni hao watu. Daraja la kwanza la Nyali, la mwaka wa 1931, lilikuwa likielea juu ya maji, na mtu hakulivuka ila kwa haja. Mwaka wa 1980 likafunguliwa hili la saruji, pana, na wenye uwezo wakaanza kuhamia ng'ambo kwenye viwanja vikubwa na upepo mzuri. Sisemi daraja lilikuwa kosa. Hata mimi nina jamaa zangu huko na hulivuka kila wiki. Nasema tu kwamba mtu akihama na jikoni lake, haichukui muda mrefu duka nalo likamfuata. Kisha mwaka wa 2017 ikaja reli mpya, na kituo chake kikawekwa Miritini, nje ya kisiwa. Abiria waliokuwa wakishuka asubuhi katika stesheni ya zamani, wakatoka kwa miguu wakinywa chai na kununua zawadi njiani, sasa wanashuka mbali na kuingia katika magari.

Watalii nao wamekuwa ni watu wa kuja na kukatika. Fujo za Likoni za mwaka wa 1997 ziliwakimbiza. Maonyo ya usalama yaliyotolewa na serikali za kigeni mwaka wa 2014 yaliwakimbiza tena. Na kila walipokimbia, aliyelala njaa wa kwanza alikuwa mchonga vinyago na mwuza vikoi wa barabara iendayo Ngome ya Yesu. Halafu ukaja ule ugonjwa wa korona. Tarehe 6 Mei 2020 serikali ilipiga marufuku kuingia na kutoka Mji wa Kale, kama ilivyofanya Eastleigh kule Nairobi. Msomaji Mwislamu hahitaji kukumbushwa ile ilikuwa ni miezi gani. Ilikuwa Ramadhani, na marufuku ikaendelezwa mpaka mwanzo wa mwezi wa Juni, Idi ikatukuta ndani. Muuza nguo wa mtaani petu hupata riziki ya nusu mwaka katika kumi la mwisho la Ramadhani. Mwaka ule hakuuza hata kofia. Sitaki kuingia katika hoja ya kwamba amri ile ilikuwa sawa au si sawa. Ugonjwa ulikuwa ugonjwa. Lakini nalitaja ili tuone kwamba wengi waliofunga milango yao hawakuifunga kwa kuwa duka lilikuwa kuukuu.

Basi hebu tuyaweke mambo hayo pamoja: bandari kuhama, watu kuhama, kituo cha reli kuhama, wageni kukatika, na msimu mzima wa Idi kupotea. Ni lipi hapo litakalotibiwa na kioo?

Sasa natamani tulitazame hilo jumba lenyewe kwa undani, maana wengi hulisifu kwa nje. Jumba kubwa la maduka lina mama mmoja na watoto wengi. Mama ni supamaketi kubwa inayopangishwa sehemu iliyo kubwa kuliko zote, na kwa sababu ndiyo ivutayo watu, mwenye jumba huipa kodi ya upole kwa kila futi. Watoto ni wale wenye viduka vidogo: mwuza simu, mwuza viatu, mshona buibui, kinyozi. Hao ndio walipao kodi kali, na juu ya kodi wakalipa ada ya ulinzi, ada ya usafi, ada ya jenereta na ada ya matangazo. Huvumilia kwa kutumaini kwamba atakayekuja kununua sukari kwa mama atapita kwao njiani akatupa jicho.

Je, mama akifa? Hili si jambo la kukisia, sote tulilishuhudia. Nakumatt lilikuwa duka la kutajwa Afrika Mashariki nzima, na hapa Mombasa nasi tulikuwa na matawi yake. Madeni ya mabilioni yakalilemea, rafu zikabaki na maji ya chupa na karatasi za chooni, na mwezi wa Januari 2020 wadai wake wakapiga kura lifungwe kabisa. Tuskys nalo halikukawia kuanguka. Wenye majumba walipata mpangaji mwingine wa kuingia mahali pale, baadhi yao mapema na baadhi yao baada ya miezi mingi. Lakini katika miezi hiyo mwenye kiduka kidogo alikuwa akilipa kodi ile ile mbele ya mlango usiopita mtu. Linganisha na Marikiti. Mwuza iliki akifilisika, Mola atuepushe, jirani yake mwuza mdalasini hatikisiki. Huenda hata akauza zaidi.

Liko jambo jingine ambalo halionekani katika picha, nalo limo katika karatasi. Kenya ina sheria ya mwaka wa 1965 iwalindayo wapangaji wa maduka, mahoteli na mikahawa. Mpangaji asiye na mkataba wa maandishi, au mwenye mkataba usiozidi miaka mitano, hawezi kupandishiwa kodi wala kufukuzwa hivi hivi. Ni lazima apewe ilani ya miezi miwili au zaidi, na asiporidhika apeleke shauri lake mbele ya baraza maalumu la hukumu. Wenye maduka wetu wengi wamekaa miaka ishirini, thelathini, chini ya kivuli cha sheria hiyo, na pengine hawaijui hata jina. Lakini mkataba ukizidi miaka mitano, kivuli huondoka. Ndiyo sababu mikataba ya majumba makubwa mara nyingi huandikwa ya miaka mitano na miezi mitatu, au sita, bila ya kifungu cha kuuvunja katikati. Ile miezi mitatu si ya ukarimu. Mpangaji huona amepewa muda mrefu akafurahi, kumbe ameutoa ulinzi wake kwa mkono wake mwenyewe.

Kwa hiyo mtu akikwambia kwamba wenye maduka ya zamani “watapewa nafasi” katika jumba jipya, usimwulize nafasi ni kubwa kiasi gani. Mwulize mkataba ni wa miaka mingapi.

Tusidhani kwamba sisi ndio wa kwanza kushauriwa hivi. Iko miji miwili ya Kiarabu iliyokuwa na masoko yaliyochakaa au kuharibika katikati yake, kila mmoja ukafuata njia yake, na vijana wetu waliokwenda kufanya kazi Ghuba au kupita Lebanoni wanaweza kutusahihisha.

Wa kwanza ni Beirut. Vita vya wenyewe kwa wenyewe, vya mwaka wa 1975 hadi 1990, viliyaangamiza masoko yake ya zamani. Vita vilipokwisha, mwaka wa 1994 ikaundwa kampuni moja, Solidere, ikabidhiwe kujenga upya katikati ya mji. Waliokuwa na mali pale, badala ya kurudishiwa duka, wengi walipewa hisa za kampuni. Mtu alikuwa na mlango na wateja, akapewa karatasi. Masoko mapya yakafunguliwa mwaka wa 2009, kwa ramani ya mhandisi mashuhuri wa Kihispania, Rafael Moneo. Wasemao kweli husema ni mazuri. Njia zake zilifuata njia za zamani, na majina ya zamani yakawekwa yale yale. Lakini ndani yake yaliingia maduka ya nguo na saa za fahari za Ulaya, na mwananchi wa kawaida wa Beirut, ambaye babake alinunua samaki na kitambaa pale pale, akawa hana cha kununua. Uchumi wa Lebanoni ulipoporomoka mwaka wa 2019 maduka yakaanza kufungwa, na mlipuko wa bandarini wa tarehe 4 Agosti 2020 ukavunja kilichobaki cha vioo. Iko zawiya ndogo pale, ya Ibn Iraq, iliyojengwa mwaka wa 1517. Ilivuka vita, ikavuka na matingatinga, na hao wajenzi wakaihifadhi kwa heshima katikati ya masoko yao mapya. Jiwe lilitunzwa kuliko mwenye duka.

Wa pili ni Doha. Soko lake la Waqif lilikuwa limechakaa, limejaa mabati na saruji, na mwaka wa 2003 sehemu yake ikaungua. Hapo palikuwa na nafasi nzuri ya kusafisha kiwanja na kusimamisha jumba, kwani Katari haina shida ya fedha. Wakafanya kinyume. Kuanzia mwaka wa 2004 majengo mapya yasiyolingana yalivunjwa, mabati yakang'olewa, zikarudishwa kuta za udongo na dari za boriti. Na msomaji wa pwani apate hapa kutabasamu kidogo, kwani boriti zilizoezekea nyumba za zamani za Ghuba zilikuwa zikitoka kwetu, zikipakiwa katika majahazi kutoka mikoko ya Lamu na ya Rufiji. Wauza viungo wakabaki kuwa wauza viungo. Wauza ndege wakabaki. Mahamali na vigari vyao vya gurudumu moja wakabaki. Yakaongezwa na mahali pa kula na kupunga upepo usiku, na soko likajaa watu, wenyeji na wageni.

Sitaki kuipamba Doha kupita kiasi. Soko lile lina harufu ya maonyesho ndani yake. Kuna kuta zionekanazo za miaka mia ambazo umri wake haufiki ishirini na mitano. Na serikali iliyolijenga ina gesi, sisi hatuna. Ila jambo moja walilifahamu, nalo halikuhitaji gesi: kwamba kiwarudishacho watu sokoni ni wale waliokuwa wakiuza, pamoja na kile walichokuwa wakiuza.

Waqif maana yake ni mwenye kusimama. Husemwa soko liliitwa hivyo kwa kuwa wachuuzi walikuwa wakisimama kando ya maji kuuza vitu vyao. Na neno hilo latoka katika shina moja na neno letu wakfu, yaani kitu kilichosimamishwa, kikazuiwa kisiuzwe wala kisirithiwe, ili faida yake iwaendee waliokusudiwa. Nami hapa ndipo nilipotaka kufika.

Mji wa Kale una nyumba na maduka ya wakfu ambayo wazee wetu waliyaweka kwa ajili ya misikiti, madrasa, mayatima na maskini. Mtu alikuwa na duka, akasema kodi ya duka hili ni mafuta ya taa ya msikiti fulani mpaka Siku ya Kiyama. Hiyo ndiyo iliyokuwa njia yetu ya kufungamanisha biashara na mji, na ni ya busara kuliko wengi wanavyodhani, kwa sababu ilimfanya mwenye duka, mwenye kusali na mwanafunzi wa chuo wawe na haja ya mlango ule ule ubaki wazi. Sheria mpya ya Wakfu ilipitishwa na Bunge mwaka wa 2022, na mengi ya usimamizi yamepangwa upya ndani yake. Lakini sijasikia bado, katika mazungumzo haya ya kufufua mji, mtu akiuliza: je, hizo nyumba za wakfu haziwezi kuwa mwanzo wa kazi?

Zikitengenezwa nyumba kumi za namna hiyo, duka chini na watu juu, mtaa utakuwa na taa usiku, utakuwa na watoto, utakuwa na mtu wa kununua mkate asubuhi. Hilo jumba la vioo halina anayelala ndani yake ila mlinzi.

Ni lazima niseme upande wa pili pia, maana nisipousema wenye nyumba wataninunia, na haki yao. Kodi za zamani zimekuwa nazo ni balaa. Ninazijua nyumba ambazo kodi yake ya mwezi haitoshi kumlipa fundi wa siku mbili. Mwenye nyumba hawezi kutengeneza paa, mpangaji haondoki, mvua yaingia, boriti zaoza, na siku moja roshani yaanguka njiani. Aliyepanga kwa bei ya miaka ile na kuuza kwa bei ya leo naye asijifanye maskini. Pasipo kodi ya haki, yaani ya kumwezesha mwenye duka kuishi na mwenye nyumba kuezeka, hata wakfu utabomoka wenyewe pasi na tingatinga. Nami naona kodi hiyo hupatikana kwa watu kukaa pamoja na kuandikiana, paa likatengenezwa kwanza, kodi ikapanda kidogo kidogo baadaye, si kwa kumngoja mpangaji afe.

Binti wa ndugu yangu, ambaye amesoma na ana kazi yake, nilimsomea haya akacheka. Akaniambia, “Ami, wewe waisifu Marikiti kwa kuwa si wewe ubebao mtoto mgongoni ukitafuta choo.” Hapo alinikamata. Akaendelea: Nyali ana mahali pa kuweka gari, ana choo safi, ana chumba cha kusalia wanawake, na bei imeandikwa, hakuna wa kumwambia “mama njoo hapa” na kumshika mkono. Akiingia mjini jua la saa saba humpiga, mikokoteni humkanyaga, na maji machafu humrukia buibui.

Sina la kumjibu katika hayo, ila kumwuliza ni lipi kati yake lihitajilo ghorofa tano. Choo cha haja hakihitaji. Mfereji wa maji machafu uliofunikwa hauhitaji. Kivuli cha turubai au cha makuti juu ya njia nyembamba ni kitu ambacho Muscat wanacho, Doha wanacho, na sisi wenye makuti hatuna. Chumba cha kusalia wanawake chahitaji mlango mmoja na bomba la kutawadhia. Mahali pa magari pangepatikana penye maghala matupu pembezoni mwa mji, na vigari vya tuk-tuk vikawaleta watu ndani. Ilipotengenezwa pwani ya Mama Ngina mwaka wa 2019, watu walijaa kila jioni, tajiri na maskini, kwa sababu palipatikana pa kukaa, pa kivuli, na bahari mbele. Hakuna aliyekwenda pale kufuata ngazi za umeme.

Juu ya bei iliyoandikwa, hapo tukatofautiana. Nimewahi kukaa na mwuza khanga mmoja wa mtaa wa Biashara akanieleza kazi yake. Akaniambia, “Mteja wa khanga yuwaja mara tatu kabla hajanunua. Ya kwanza yuwatizama rangi. Ya pili yuwasoma jina, aone lamfaa wifi yake au lamtukana. Ya tatu ndipo twapatana.” Katika hizo mara tatu watu wawili wamejuana. Ndiyo sababu arusi ikikaribia, na fedha zikiwa hazijatimia, mama atapewa doti kumi achukue, alipe baada ya shughuli. Nani atakayemkopesha doti kumi mbele ya mashine ya hesabu? Msichana wa kaunta hata akitaka hana amri hiyo, na mwenye amri yuko Nairobi.

Hayo ya mkopo wa jirani si mambo madogo ya kumbukumbu za wazee. Ni benki ya watu wasio na benki, tena isiyo na riba. Siku mtaa wa Biashara utakapohamishiwa ndani ya jumba, kwa kodi na ada zile nilizozitaja, mwuzaji hatakuwa na nafasi ya kumngoja mtu mpaka arusi ipite.

Wako na wengine ambao ramani za namna hii huwa haziwaoni kabisa, nao ni wanawake wauzao mahamri na mbaazi alfajiri, wa viazi karai jioni, wa mihogo ya kukaanga. Na wachuuzi wa kando ya Marikiti wenye rundo la maembe juu ya gunia. Hao hawana mkataba wa miaka mitano wala wa siku tano. Katika hesabu ya mwenye mtaji wao ni uchafu wa kuondolewa. Lakini mtu husimama kwa harufu ya kiazi karai, na akishasimama ndipo aonapo duka. Ukiwaondoa umeondoa kinachomsimamisha.

Nimesema sipingi jengo jipya. Viko viwanja vitupu na maghala yaliyokwisha kazi, na kama yuko mtu wa kujenga hapo na ajenge, mradi asipite kimo cha nyumba za jirani. Mji wa Kale umezunguka Ngome ya Yesu, na ngome hiyo iliingizwa mwaka wa 2011 katika orodha ya urithi wa dunia. Mtu hawezi kuamka tu akasimamisha mnara kando yake. Milango ya maduka yake na itazame njia, si kutazamana ndani kwa ndani na kuupa mji ukuta wa mgongo. Na kabla ya tofali la kwanza, wale waliomo wapewe pa kuuzia karibu hapo hapo, si mbali kule ambako mteja hatafika, na waandikiwe haki ya kurudi kwa kodi inayojulikana tangu mwanzo.

Katiba ya mwaka wa 2010 yataka wananchi waulizwe kabla ya mambo kama haya kupitishwa, na kawaida yetu, tukiitwa, ni kwenda kutazama picha kubwa za rangi zilizotundikwa ukutani, zenye miti ambayo haijapandwa na watu weupe wakitembea na vifurushi, tukanywa soda na kutia sahihi ya kwamba tulikuwepo. Safari nyingine tukiitwa, waende na wenye maduka wenyewe, na wauza mahamri waende, na wasimamizi wa misikiti yenye maduka ya wakfu waende na vitabu vyao vya kodi. Wakifika waiombe karatasi ya mkataba wa kupangisha, isomwe kwa Kiswahili, kwa sauti, kuanzia pale ilipoandikwa idadi ya miaka.

Picha zinaweza kungoja mpaka hapo.